Ulimi unasema Alhamdulillahi, moyo unakataa: je, huo ni unafiki?

SWALI: Mimi ni mama, nakaa Pemba. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 22, alikwenda baharini usiku kuvua dagaa, upepo wa kusi ukaipindua mashua yao. Wenzake wawili waliokolewa, yeye akaokotwa siku ya pili. Ulikuwa msimu wa karafuu, na siku ya msiba uani kwangu kulikuwa na majamvi yamejaa, hata sikumbuki nani aliyezianua. Siku ya tatu ya matanga wifi yangu aliniambia mbele ya watu: "Nyamaza, unamtesa maiti kwa machozi yako. Sema Alhamdulillahi." Nikasema, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Sasa ni mwezi wa tano, na kila nikilitamka neno hilo, hata baada ya kula, nahisi nasema uongo mbele ya Mungu. Je, nimekuwa mnafiki? Na nimhimidi Mola kwa lipi hasa katika jambo hili? Nyavu zake ziko uani mpaka leo, sithubutu kuzigusa.

JIBU: Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wako na akupe wewe ujira wa msiba wako. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza kwa sababu umekwisha kuliamini, nalo ni kwamba machozi yako yanamtesa mwanao.

Hadithi hiyo ipo na ni sahihi. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar na mwanawe Abdalla kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake. Lakini aliyekusomea alikusomea kipande. Maneno hayo yalipomfikia Bibi Aisha hakukubali yachukuliwe kwa maana hiyo, akatoa hoja ya aya isemayo kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii tunamtegemea sana, ameeleza kuwa wanavyuoni wengi wameielekeza hadithi hiyo kwa mtu aliyeusia kabla ya kufa kwake kwamba aombolezewe, kama walivyokuwa wakifanya Waarabu wa zama za ujinga, na kwamba kilio kinachokusudiwa ni kile cha makelele na maombolezo, si machozi yanayomtoka mtu. Mwanao alikwenda kutafuta riziki yake usiku, hakumuusia mtu amlilie. Machozi yako hayamfikishii adhabu yoyote.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimpakata mwanawe Ibrahimu, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka miwili, naye yumo katika kukata roho, macho ya Mtume yakabubujika machozi. Abdurrahman bin Auf akashangaa: "Hata wewe, ewe Mtume wa Mungu?" Akamjibu kwamba hiyo ni rehema, kisha akasema kuwa jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu, na kwamba kwa kuachana nawe, ewe Ibrahimu, sisi ni wenye huzuni. Tazama kwamba aliitaja huzuni yake kwa ulimi wake, mbele ya masahaba wake, na hapo hapo akasema kuwa hatusemi ila linalomridhisha Mola. Kwa hiyo kutamka kwamba una huzuni si katika yale yanayomchukiza Mungu. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kijahilia, na katika barua yako sioni kuwa ulifanya hata kimoja.

Sasa nije kwenye unafiki, ambao naona ndio unaokukosesha usingizi.

Mnafiki ni mtu anayeficha ukafiri moyoni na kuonyesha imani kwa nje ili apate kwa watu anachokitaka. Hakai miezi mitano akijihesabu kila anapomaliza kula. Sahaba mmoja, Handhala, alitoka nyumbani kwake akisema, "Handhala amekuwa mnafiki," kwa sababu tu moyo wake ulikuwa hali moja akiwa mbele ya Mtume na hali nyingine akirudi kwa mke na watoto. Sayyidna Abubakar alipomsikia hakumcheka, alimwambia kuwa hata yeye humkuta hayo, wakaenda pamoja kwa Mtume, naye akawajibu kwamba moyo una saa na saa.

Lakini kisa kinachofanana zaidi na chako ni cha Bibi Ummu Salama. Alikuwa amemsikia Mtume akisema kwamba Mwislamu anayefikwa na msiba, akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", kisha akaomba, "Ewe Mola, nilipe kwa msiba wangu na unipe badala iliyo bora kuliko huo," Mwenyezi Mungu humpa lililo bora. Mumewe Abu Salama akafa. Mwenyewe anasimulia, na hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim, kwamba aliwaza: ni Mwislamu gani aliye bora kuliko Abu Salama, nyumba ya mwanzo kuhama kwa ajili ya Mtume? Kisha akayasema maneno yale. Nakuomba uitazame vizuri nafasi iliyopo baina ya kuwaza kwake na kusema kwake. Ulimi uliomba kitu ambacho moyo haukukiona kuwa kinawezekana, naye hakungoja moyo wake ukubali ndipo aombe. Dua yake haikurudishwa kwa sababu hiyo, wala hakuna aliyemwita mwongo, na yeye mwenyewe hakuona haya kuisimulia fikra ile baadaye, tena akiwa ni mke wa Mtume na Mama wa Waumini. Kutanguliza ulimi huku moyo ukivutwa nyuma kwa machungu si unafiki, dada yangu. Ni namna ya ibada ya mtu aliyeumia, na wengi wetu hatuna nyingine siku hizo.

Kinachokusumbua, nadhani, kimetokana na kulifahamu neno lenyewe visivyo, na hili ni kosa letu walimu kuliko lenu wanafunzi. Chuoni tunawafundisha watoto kuwa Alhamdulillahi maana yake ni "Ahsante Mungu". Mtoto akipewa tende tunamwambia, "Sema Alhamdulillahi." Basi akikua, akafiwa, akaambiwa alitamke neno lile lile, nafsi yake inasikia: "Ahsante Mungu kwa kuniulia mwanangu." Hakuna mama anayeweza kulisema hilo kwa ukweli, na Mwenyezi Mungu hakumtaka aliseme.

Wanavyuoni wametofautisha baina ya himidi na shukrani. Shukrani hutolewa kwa aliyekupa kitu, kwa ajili ya kile kitu. Himidi ni kumsifu anayestahiki sifa kwa jinsi alivyo, ikiwa leo amekupa au leo amekunyima. Unaposema Alhamdulillahi unasema kwamba sifa zote njema ni Zake. Hujasema kuwa kifo ni kizuri, wala kuwa bahari ilitenda wema. Bibi Aisha amepokea kwamba Mtume alikuwa akiona analolipenda husema sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu ambaye kwa neema Yake mambo mema hutimia, na akiona analolichukia husema, "Alhamdulillahi ala kulli hal," yaani sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu kwa kila hali. Tamko la mwanzo linataja neema. La pili halitaji neema yoyote, wala halilipambi lile lililochukiwa kwa jina zuri. Linasema "hali" tu, na linaliacha liendelee kuwa lenye kuchukiza. Mimi nimelisoma tamko hili miaka mingi kabla ya kuigundua tofauti hiyo.

Na wengi katika wanavyuoni wamesema kuwa subira ni wajibu, ama kuridhika na msiba kwa moyo mkunjufu ni daraja ya juu inayopendekezwa, asiyeifikia hana dhambi. Subira yenyewe haimaanishi jicho kavu. Nabii Yaakubu ndiye aliyesema "subira njema", na ni yeye huyo ambaye Sura Yusuf inatuambia kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Watoto wake wakamshambulia kama wifi yako alivyokushambulia wewe: hutaacha kumtaja Yusuf mpaka ujiangamize? Akawajibu kwamba yeye anamshitakia Mwenyezi Mungu masikitiko yake na huzuni yake. Hakukanusha kuwa anasikitika. Alichowaambia ni kwamba kesi yake haiko kwao.

Umeuliza: nimhimidi kwa lipi hasa? Hapa nataka niseme taratibu, kwa sababu ndipo wafariji wanapoharibu.

Nafanya kazi ya kufundisha chuoni, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiosha maiti wa kike hapa Unguja. Nimewaosha wazee na wachanga, na siku moja nilimwosha binti yangu mwenyewe, akiwa na miaka tisa. Jamaa walitaka kunizuia, nikakataa. Ulimi wangu siku ile ulikuwa mzito kuliko wako. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wanawake mamia waseme Alhamdulillahi, nami neno halikunitoka, si kwa uongo wala kwa ukweli. Tulimlaza, tukamsitiri kwa kanga, nikachota kata ya mwanzo ya maji ya majani ya mkunazi. Yalipopita mkononi mwangu nikahisi kuwa yana uvuguvugu. Ilikuwa asubuhi ya Julai, kuna baridi ya kipupwe, na mtu fulani, mpaka leo sijui ni nani, alikuwa ameinjika sufuria jikoni ili maji yasiwe baridi juu ya mwili wa mtoto ambaye hasikii baridi tena. Nikasema Alhamdulillahi. Nilimhimidi Mungu kwa maji yale, basi. Sikuweza zaidi. Kisha nikamwosha mara tatu, mara ya mwisho kwa karafuu maiti, nikamsuka nywele zake misuko mitatu kama inavyofundishwa katika hadithi ya Ummu Atiyya, na neno lile likawa linanirudia, kila mara kwa kitu kidogo kilichokuwa mbele yangu.

Ndiyo maana nakwambia: usiitafute sababu ya kumhimidi Mungu ndani ya kifo cha mwanao. Hikima ya kifo kile iko kwa Mwenyewe, nasi hatukukalifishwa kuifahamu, sembuse kuifurahia. Tafuta pembezoni mwake. Umeandika kwamba hukumbuki nani aliyezianua karafuu. Mimi sikuwapo, lakini najua karafuu mbichi haingoji msiba: ikishachumwa huchambuliwa, ikatolewa makonyo, ikaanikwa, na mvua ikitishia huanuliwa, vyenginevyo huvunda na kazi ya mwaka ikapotea. Kwa hiyo kuna watu waliokuwa wamekaa uani kwako usiku wa matanga, wamezungukia jamvi, wakichambua karafuu zako huku wewe umelala ndani, na hawakukwambia. Kuna wavuvi walioacha kwenda kuvua siku mbili wakimtafuta mwanao, nao wana watoto wanaongoja chakula. Kuna mikono iliyomteremsha kaburini na kumlaza ubavu wake wa kulia, ikapanga viunza juu yake kabla ya udongo. Hayo yalitokea kweli, na kuyahimidi si uongo. (Nami hapa niseme la pembeni: Mtume alipofikiwa na habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib aliwaamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Siku hizi tumegeuza, mfiwa ndiye anayepika biriani na kukopa mchele. Majirani waliochambua karafuu zako wameifahamu Sunna kuliko wengi wanaosoma juu ya vipaza sauti.)

Kisha yapo yale ambayo imani inakupa, na haya nayataja kwa sababu ni haki yako kuyajua, si kwa ajili ya kukunyamazisha. Mtume amemhesabu aliyekufa kwa kuzama katika mashahidi. Katika madhehebu yetu huyu ni shahidi wa Akhera: anaoshwa, anakafiniwa na kusaliwa kama maiti mwingine, lakini ujira wake uko kwa Mola wake. Na ameelezea Mtume, katika hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari na kuitaja Tirmidhi, kwamba anapokufa mtoto wa mja, Mwenyezi Mungu huwauliza Malaika Wake: "Mmeichukua roho ya mtoto wa mja wangu?" Husema, "Naam." Huwauliza tena: "Mmelichukua tunda la moyo wake?" Husema, "Naam." Huuliza: "Amesema nini mja wangu?" Humjibu kuwa amekuhimidi na amesema Inna lillahi. Hapo huamrisha ajengewe nyumba Peponi na iitwe Nyumba ya Himidi. Watu hukimbilia nyumba. Mimi nakuomba ulisimamie lile swali la pili. Mola hakuhitaji kuuliza mara mbili, na mara ya pili hakumwita mtoto, alimwita tunda la moyo. Yule unayeogopa kuwa unamwambia uongo anakijua vilivyo kitu kilichotoka kwako.

Kadhi Shurayh wa mji wa Kufa, huko Iraki, alikuwa akisema kwamba akifikwa na msiba humhimidi Mungu mara nne: kwa kuwa haukuwa mkubwa zaidi ya ulivyo, kwa kuwa ameruzukiwa kuuvumilia, kwa kuwa amewafikishwa kusema Inna lillahi kwa kutaraji thawabu, na kwa kuwa haukuwa katika dini yake. Ni maneno mazito, lakini tafadhali angalia kwamba alikuwa akiyasema juu ya misiba yake mwenyewe. Lile la kwanza hasa, kwamba ungeweza kuwa mkubwa zaidi, linafaa litoke kwa mfiwa tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, zilikuwapo familia kwenu ambazo hazikupata maiti wa kuosha, zikasali sala ya ghaibu na kukaa bila ya kaburi la kuzuru. Ukija siku wewe mwenyewe, bila ya kuambiwa, ukahisi kuwa kaburi la mwanao ni neema, basi mhimidi Mungu kwalo. Akikwambia mtu mwingine, huna lazima ya kumwitikia. Vivyo hivyo kisa cha Ummu Sulaym, aliyemficha mumewe kifo cha mtoto wao mpaka asubuhi kisha akampigia mfano wa amana inayorejeshwa kwa mwenyewe: husomwa sana katika matanga, na ni kisa kitukufu, lakini wasomaji husahau kusema kwamba Abu Talha, mumewe, alikasirika alipoambiwa. Naye ni sahaba, wala Mtume hakumlaumu kwa kukasirika, bali aliwaombea wote wawili baraka.

Sasa ufanye nini na ulimi wako? Kwanza, usiliache neno. Ikiwa unasali sala zako tano, basi kila siku unasoma Alhamdulillahi Rabbil alamin mara 17 katika rakaa za faradhi pekee, na kwa miezi hii mitano hukuacha, ijapokuwa unadhani umeacha. Huhitaji kuanza upya, umo ndani yake. Pili, baada ya kula, ikiwa neno linakukwama kwa sababu kiti cha mwanao kiko kitupu, usilipeleke kwenye kiti. Lipeleke kwenye kile ulichokila: muhogo ule, samaki yule, maji yale. Ni sahihi kabisa kumhimidi Mungu kwa kitu kimoja na kumlilia kwa kingine katika kikao kimoja. Tatu, yale machungu yenyewe yana mahali pake, napo ni dua. Mwambie Mola kwa Kiswahili chako, ukishatoa salamu ya sala zako au wakati wowote mwingine nje ya sala, kwamba umechoka, kwamba hufahamu, kwamba unamtaka mwanao. Hayo hayabatilishi himidi. Yaakubu aliyafanya. Na ikiwa usingizi na chakula vimekukataa moja kwa moja kwa muda wote huu, nenda hospitali ukawaeleze kama ulivyonieleza mimi, kwani kujitibu ni Sunna na huzuni nayo huugua.

Ama wifi yako, msamehe ukiweza. Wengi wanaomkimbiza mfiwa kwenye Alhamdulillahi huwa hawakivumilii kile kilio wao wenyewe, na huyo naye amefiwa na mtoto wa kaka yake.

Umenitajia nyavu mwisho wa barua, kwa sentensi moja tu, na nadhani ndizo zilizokufanya uandike. Nyavu ni mali ya marehemu, kwa hiyo ni mirathi kama mali nyingine. Kitakachotangulia ni deni lake, ikiwa anadaiwa na mwenye mashua au na mtu yeyote, kisha wasia kama aliacha. Ikiwa hakuacha mke wala mtoto, fungu lako wewe mama ni theluthi moja, au sudusi, yaani moja ya sita, ikiwa ana ndugu wawili na zaidi, na kinachobaki kina wenyewe ambao kadhi atakutajieni mkimpelekea orodha ya waliobaki nyuma yake. Warithi wote waliobaleghe wakiridhia, mnaweza kumpa mvuvi asiye na nyavu, mkanuia sadaka kwa ajili yake, nayo inamfikia: Saad bin Ubada alimuuliza Mtume juu ya kumtolea sadaka mama yake aliyekwisha kufa, akamjibu kuwa itamfaa. Lakini hakuna haraka ya mwezi huu wala ujao, maadamu hakuna mwenye deni anayedai. Si lazima uziguse wewe. Mwambie mmoja wa wale wawili waliookolewa aje azikunje na kuzifunika turubai, zisiungue jua mpaka mtakapoamua.